Kuelekea Kumi na Tano

Walikupa tarehe kama wanavyotoa tarehe ya kesi:
Jumanne, saa mbili asubuhi, Bombo,
uje na ndugu wawili wa kuchangia damu.
Kondo limelala mlangoni, alisema daktari,
mtoto hana pa kupitia.

Mkweo, Bi Riziki, akanitazama mimi na kapu langu.
"Uchungu hana," akasema. "Sasa wewe
utamshika mkono wa nini?"
Sikumjibu. Nilikuwa nakunja kanga.
Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa,
lakini upo na uchungu wa kuhesabu siku,
wa kulala kitandani kwako
ukiijua saa utakayochanwa.
Huo nao unataka mkono.

Jumapili tulifanya mazoezi, Mwajabu, sebuleni kwako.
Kupinda mgongo kama paka aliyetishwa,
kidevu kifuani, usitikisike sindano ikiingia.
Kukohoa umekumbatia mto.
Kuinuka kwa ubavu, tumbo uliache lilale.
Ukacheka: hivi huku ni kuzaa au ni kwata?

Halafu nikakupa barabara.
Wakishakulaza, nilikwambia, usiitazame taa.
Anzia Barabara ya Kwanza, pandisha Ngamiani polepole
mpaka Kumi na Tano, kwenye mlango wako wa bluu.
Usikimbie. Salimia watu.

Sista Mhina alinionyesha mstari mwekundu sakafuni.
"Mwisho wako hapa, mama."
Nikaomba kwa adabu. Nikaomba tena kwa mamake aliyemzaa.
Mstari ni mstari.
Ukapita juu ya magurudumu, vidole vikaniponyoka,
kimoja, kingine, cha mwisho kile chenye hina
waliyoisugua ikakataa.
Nikabaki pale kama kondo,
nimelala mlangoni.

Ningefanya nini tena? Nikaanza kutembea.
Ya Kwanza. Ya Pili, kwa fundi cherehani
anayemdai kila mtu na kila mtu anamdai.
Ya Tatu nikasimama kukungoja,
nikijua sasa wanakuuliza kama wahisi baridi mguuni
na wewe hujui hata kama mguu ni wako.
Ya Tano, harufu ya bajia,
na hujatia kitu kinywani tangu usiku.
Ya Sita siikumbuki.
Saa ya ukutani ilikuwa imekufa,
nikapima muda kwa viatu vya wauguzi.

Maumivu hayakuwapo, uliniambia baadaye.
Ila kuna mtu alikuwa akitafuta funguo ndani yako
kama mwanamke aliyefika kwake usiku
na mkoba umejaa.
Meno yakigongana. Pazia la kijani mbele ya pua.
Na wewe unatembea tu.

Kilio kikapita chini ya mlango.
Mimi nilikuwa Ya Tisa, mbele ya mashine ya kusaga.

Jioni nikakuuliza, midomo yako imekauka:
wewe ulifika wapi?
Ya Saba, ukasema. Nilisimama kusalimia.
Tukaangua kicheko, kicheko kikauma,
nikakuwekea mto.

Kesho yake wodi nzima ilingoja ushuzi wako.
Bila huo, hakuna uji.
Bi Riziki kakaa na chupa yake ya pilipili manga,
kimya, kifuniko hakifunguliwi.
Ulipotoka, saa tisa alasiri,
mama wa kitanda cha pili akapiga kigelegele,
nawe ukajifunika uso kwa kanga ya mtoto.

Kisha wakasema: inuka.
Kwa ubavu. Mkono kwenye mshono.
Hapo ndipo uchungu ulipokuja, Mwajabu,
ulichelewa, lakini haukukusahau.
Bi Riziki aliuona. Aliweka chupa chini,
akaja upande wa pili, ule nisiofika mimi,
na kuanza kukuhesabia nyayo kwa sauti ya chini.

Hatua kumi na moja mpaka chooni.
Ndefu kuliko Ngamiani yote.